UZI: Molo pesa huja kila mwezi, Matungu husubiriwa karibu miaka miwili. Tuanzie hapo

MamaAgroveti (Molo)

Wadau, hamjambo.

Nimefuatilia mabishano ya humu kuhusu kwa nini mashamba ya Nakuru yanalipa na ya magharibi mwa Kenya hayalipi. Kila mara lazima atokee mtu aseme watu wa magharibi ni wavivu. Neno hilo limeniuma, na nimeona nisinyamaze, kwa sababu nimeuza mbegu na dawa za mifugo pande zote mbili na nimewaona watu wakiamka saa kumi na moja pande zote mbili.

Mimi ni mzaliwa wa Matungu, Kakamega, nyumbani kwa miwa. Agroveti yangu ya kwanza niliifungua sokoni kwetu mwaka 2011, ikadumu miaka mitatu tu. Mwaka 2015 nikamfuata mume wangu Molo, kaunti ya Nakuru, nikafungua nyingine ambayo ipo mpaka leo. Bidhaa ni zile zile: mbegu, mbolea, dawa ya kupe, chumvi ya ng'ombe, pampu za kupulizia. Muuzaji ni yule yule. Kilichobadilika ni daftari la madeni.

Daftari la Matungu ninalo bado. Karibu kila mstari umeandikwa "atalipa miwa ikilipwa". Hakuna tarehe, kwa sababu hakuna aliyeijua. Muwa unakaa shambani miezi kumi na minane na zaidi. Ukikomaa unangoja zamu ya kukatwa, na zamu hiyo haipangwi na wewe. Ukishapita kwenye mizani unangoja malipo. Kisha malipo yanakuja yakiwa yametanguliwa na makato: ya kulimiwa, ya mbegu, ya mbolea, ya kukata, ya kusafirisha. Mjomba wangu alikuja dukani siku moja na karatasi ya malipo, kiwanda sitakitaja, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia, "Soma tena, mwanangu." Mwisho wa karatasi ilionyesha kwamba baada ya miezi ishirini na miwili ya kulima, yeye ndiye aliyekuwa anadaiwa. Deni lake kwangu la mifuko miwili ya mbolea ya mahindi sikuwahi kumkumbusha tena. Duka langu lilikufa kwa madeni ya namna hiyo, ya watu waaminifu kabisa.

Daftari la Molo lina tarehe. "Tarehe tano, pesa ya maziwa." "Jumamosi, viazi." Mchuuzi wa maziwa mwenye pikipiki analipa kwa wiki, chama cha ushirika kinalipa kwa mwezi. Viazi ni miezi mitatu au minne. Katikati kuna kabeji, njegere, mayai. Mtu akikosa hapa anapata pale, na mimi muuzaji naweza kumkopesha kwa sababu najua pesa inatoka wapi na inafika lini.

Sasa nani alipanga hivi? Tusimsingizie Mungu. Reli ilipita Nakuru ikafika Kisumu mwaka 1901, na walowezi wakachukua ardhi ya Bonde la Ufa, serikali yao ikawapelekea barabara, vyama vya kununua mazao, mikopo na madaktari wa mifugo. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965 ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo zielekezwe pale zitakapoongeza uzalishaji haraka zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye usafiri na umeme. Magharibi tulikuwa na udongo na mvua. Barabara na umeme vilikuwa vimekwisha kupelekwa kwingine. Aliyekuwa nacho akaongezewa.

Zamu ya magharibi ilipofika, tulipewa viwanda. Vya sukari: Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias ikaanza kusaga 1973, Nzoia 1978, Sony kule Awendo 1979. Webuye ikapata kiwanda cha karatasi. Siwezi kudharau hilo hata kidogo: nyumba za mabati za babu zetu na karo za wazazi wetu zilitoka kwenye miwa. Lakini tazameni umbo lake. Eneo zima, kutoka nyanda za Kano mpaka Bungoma, likafungwa kwenye zao moja na mnunuzi mmoja kwa kila eneo, na zao lenyewe linalipa mara moja kwa karibu miaka miwili. Mfumo huo unasimama ikiwa tu mnunuzi hafi.

Kisha yakaja mageuzi. Kuanzia 1991 hadi 1993 serikali ikaachia bei, ikafuta leseni za kuagiza bidhaa, shilingi ikaachwa ielee. Mwaka 2000 tukaingia eneo la biashara huria la COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na sukari ya nje ikawa inagonga mlango kiasi kwamba serikali ikaanza kuomba kinga, ikapewa, ikaomba tena, mwaka baada ya mwaka. Mumias ikauzwa hisa sokoni 2001, na Septemba 2019, kwa sababu ya madeni, ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa.

Mimi sipingi soko huria. Ninachosema ni kwamba soko huria linamfaa mtu anayeweza kuondoka. Bei ya viazi ikianguka, jirani yangu hapa Molo msimu ujao anapanda njegere. Mkulima wa miwa akisikia habari mbaya mwezi wa nne, bado ana miezi kumi na minne ya kungoja muwa ulio shambani. Waliobadilisha sheria za soko waliondoa mnunuzi wa uhakika, wakaiacha kalenda vile vile. Hapo ndipo mashamba ya magharibi yalipoachwa nyuma, na uvivu haumo.

Utafiti wa serikali wa matumizi ya kaya wa 2015/16 ulikuta umaskini nchini ni asilimia 36.1, mashambani 40.1, Nairobi 16.7. Busia, kaunti yenye mvua na mto, ilikuwa 69.3. Someni nambari hiyo mara mbili kama mjomba alivyosoma karatasi yake.

Karibuni.

Mzee wa Pareto (Elburgon)

Binti yangu, umesema vizuri, lakini usiwaambie watu kwamba sisi huku hatujalia. Sisi tulikuwa wa pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa pareto, na milima hii ya Molo, Elburgon na Kuresoi ndiyo iliyokuwa imevaa maua meupe. Mnunuzi alikuwa mmoja kama wenu. Pesa zikaanza kuchelewa, mwezi, mwaka, halafu zikaacha kuja kabisa. Nilimtoa mtoto wangu mmoja shuleni akiwa kidato cha pili. Mpaka leo nikimwona nakumbuka.

Lakini niligundua jambo ambalo linakubaliana na lako. Pareto niliing'oa Januari, Machi nikapanda viazi, Julai nikala. Ng'ombe nilikuwa naye tayari. Chama cha maziwa kilipoyumba nacho miaka ya tisini mwishoni, wachuuzi wakaja na mitungi wakanunua mlangoni. Na lori la Nairobi linapita hapa barabarani. Ningekuwa Matungu ningeng'oa nikampandia nani?

Na viazi navyo si asali. Sheria imesema gunia ni kilo 50, kanuni zilitoka 2019, lakini wanunuzi wengine bado wanataka gunia lililovishwa kilemba juu, unauza gunia moja na nusu kwa bei ya gunia.

Mwana wa Nzoia (Bungoma)

Dada, asante. Mimi bado nalima miwa, ekari tatu, na nataka kuongeza lile ambalo watu wa mbali hawalijui.

Kwanza, muwa haung'olewi kama pareto. Ukishakata, mashina yanachipua tena, na mkataba wako unahesabu machipukizi hayo. Kung'oa ni trekta, na trekta ni pesa, na pesa ndiyo hiyo unayoingoja.

Pili, viwanda binafsi vilipokuja, kwa kweli vilitusaidia. Nilipeleka muwa mwaka mmoja nikalipwa ndani ya wiki mbili. Nilikaa na simu mkononi nikisoma ujumbe wa M-Pesa, siamini. Kwa hiyo ushindani ulifupisha kalenda yako. Lakini viwanda vilipozidi miwa, wakaanza kugombea hata ambayo haijakomaa. Muwa wa miezi kumi unakatwa, hauna uzito, hauna sukari. Mkulima anakubali kwa sababu karo inadaiwa leo. Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Miezi hiyo sisi tulikula nini, hakuna aliyeuliza.

Mchele wa Ahero (Kisumu)

Naomba kupinga kidogo. Sisi Ahero tunalipwa taslimu. Mpunga ukiwa bado juani, wafanyabiashara kutoka Uganda wako pale na magunia na pesa. Siku hiyo hiyo umeshika noti. Mbona hatujatajirika?

Kwa sababu mwenye haraka hauzi, ananunuliwa. Tumekopa maji, tumekopa trekta, tumekopa mbolea, mvunaji anataka ujira jioni. Mwenye gari anajua hayo yote kabla hajashuka. Bei anakuja nayo mfukoni. Mpunga unaondoka na maganda yake, unakobolewa kwingine, na faida ya kukoboa inabaki huko huko.

Kwa hiyo, dada, pesa ya haraka peke yake haitoshi. Inatakiwa mtu awe na pesa nyingine nyumbani ya kumwezesha kusema, "Bei hiyo sitaki, rudi kesho." Mababu zetu hapa Kano walikuwa na pamba pia. Kiwanda cha pamba cha Kisumu kilipokufa baada ya soko kufunguliwa na mitumba kujaa, kauli hiyo ilikufa nacho.

MamaAgroveti (Molo)

@Mchele wa Ahero, nimekuelewa, na umenisahihisha. Niliandika "haraka" nikimaanisha "mara nyingi", nami nikayachanganya. Ahero mnalipwa upesi lakini mara moja kwa msimu. Mteja wangu mwenye ng'ombe wawili hafurahii bei ya viazi, anarudi nyumbani na viazi vyake, kwa sababu maziwa ya kesho yapo. Anayeweza kusubiri ndiye anayeuza.

@Mzee wa Pareto, pole kwa kijana. Shikamoo.

Mwalimu wa Hisabati (Njoro)

Wacha niweke hesabu, kwa makadirio ya kawaida, kila mtu abadilishe nambari kulingana na shamba lake.

Ekari moja ya miwa ikitoa tani 30, na tani ikilipwa 5,000, ni shilingi 150,000. Toa nusu kwa makato, zimebaki 75,000. Gawa kwa miezi 20: ni 3,750 kwa mwezi.

Ng'ombe mmoja wa lita kumi kwa siku, lita kwa 45, ni 450 kwa siku, 13,500 kwa mwezi. Toa nusu kwa lishe na dawa: 6,750. Naye ana miezi ya kukauka, basi sema 5,500.

Mnaona tofauti si ya mbingu na ardhi. Lakini sasa mkulima wa miwa akopa 10,000 kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kubwa, mwezi wa kwanza, riba asilimia kumi kwa mwezi, akalipe miwa ikilipwa. Miezi ishirini baadaye anadaiwa 30,000, hata bila riba juu ya riba. Asilimia 40 ya zile 75,000 imekwenda kwa deni moja dogo la kumpeleka mtoto hospitali. Mwenye ng'ombe angelimaliza deni hilo kwa miezi mitatu hivi. Vijiji viwili vinaweza kuanza na mapato yanayokaribiana, na baada ya miaka kumi kimoja kina mabati mapya na kingine kimeuza robo ekari.

Chai ya Mudete (Vihiga)

Hesabu nzuri, Mwalimu, ila mmesahau ukubwa wa shamba. Vihiga sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013, zaidi ya elfu moja kwa kila kilomita ya mraba. Mimi nina robo tatu ya ekari, na ndugu zangu wawili wananiangalia. Kalenda yangu ni nzuri sana: chai inalipwa kila mwezi, na bonasi kila mwaka. Lakini hapo napo kuna jambo. KTDA, shirika linalosimamia chai ya wakulima wadogo, ni moja, mmea ni mmoja, na bado bonasi ya mkulima wa mashariki ya Bonde la Ufa huwa kubwa kuliko ya magharibi. Tunaambiwa ni ubora wa jani na bei ya mnada wa Mombasa. Labda. Lakini basi tuletewe mitambo na maofisa wa kutusaidia kupandisha ubora huo, kwa sababu ukilipwa kidogo huwezi kununua mbolea, na usiponunua mbolea jani haliwi bora.

Nusu ya nyumba za kilima chetu zinaishi kwa pesa ya M-Pesa kutoka Nairobi na Nakuru. Hilo mnalihesabu wapi?

Lori la Viazi (barabara ya Nakuru hadi Kisumu)

Mimi ni dereva. Molo nikipakia jioni, alfajiri niko sokoni Nairobi. Matungu kuna njia ambazo mvua ikinyesha sizipiti hata nikiwa mtupu. Ndani ya bei ya mkulima kuna tope. Hilo tu.

Mwana wa Nzoia (Bungoma)

Na ugatuzi je? Tangu 2013 tuna kaunti 47, Katiba ikasema zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mfumo wa kwanza wa kugawa ulitazama idadi ya watu asilimia 45, mgao sawa 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8 na nidhamu ya fedha 2. Pesa zilikuja, siwezi kukataa. Tuna barabara ambazo hazikuwepo. Lakini kilimo kiligatuliwa, sukari ikabaki kuamuliwa Nairobi. Gavana anaweza kuninunulia mbegu ya parachichi, hawezi kukiambia kiwanda kinilipe Ijumaa.

Mwaka 2025 viwanda vinne vya serikali, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Watu wanabishana ni nani kapewa. Mimi nauliza jambo moja kwenye kila baraza: mkulima atalipwa baada ya siku ngapi, na zikipita, anaongezewa riba kiasi gani? Kama shailoki ananitoza riba kwa kuchelewa, anayenichelewesha naye aitoe.

MamaAgroveti (Molo)

Hilo swali la riba liandikwe kwa herufi kubwa, ndugu yangu. Kwa miaka yote mkulima wa miwa amekuwa akikikopesha kiwanda bila riba, huku yeye akikopa kwa riba. Januari 2025 wakulima wa Mumias walipewa bonasi ya miwa, nikaona kwenye simu akina mama wa kwetu wakicheza, nikafurahi nao kwa moyo wangu wote. Lakini bonasi hutolewa anapopenda anayetoa. Tarehe ya malipo mtu anaidai.

Mbolea ya ruzuku ilipoanza 2022 kwa 3,500, kisha ikashuka hadi 2,500, Molo wateja wangu waliikimbilia siku ile ile, duka langu likakaa kimya, na sikulalamika. Dada yangu wa Matungu alipata ujumbe ule ule wa simu. Hakwenda. Hizo 2,500 hakuwa nazo wiki hiyo. Bei imepunguzwa sawa kwa nchi nzima, na mwenye pesa kila wiki ndiye aliyefaidi. Ndiyo maana nasema mpango wa serikali usipotazama kalenda ya mkulima unaongeza pengo hata ukiwa na nia njema.

Dada huyo mwaka jana alitoa nusu ekari ya miwa, akapanda nepia, majani ya kulisha ng'ombe, mimi na mume wangu tukamkopesha ng'ombe mmoja. Anauza lita sita shuleni, nyingine wanakunywa. Mwezi uliopita alinitumia malipo ya kwanza ya deni la ng'ombe. Juu ya ujumbe aliandika, "Nyingine tarehe tano."

Mzee wa Pareto (Elburgon)

Mungu ambariki. Mwambie asiuze ndama jike.

Mwana wa Nzoia (Bungoma)

Dada, huyo ndugu yako anauza vipande vya nepia? Yangu ya mwaka juzi iligeuka manjano, ikafupika, ng'ombe hakushiba.

MamaAgroveti (Molo)

Huo ni ugonjwa wa kudumaa, uko sana huko kwetu. Usipande tena vipande vya shamba hilo, na mashina yenye ugonjwa yang'oe yote uyachome. Yeye hauzi, anagawa. Nitakutumia namba yake pembeni. Nenda na gunia na panga, mapema, kabla hajaenda shuleni na maziwa.